Nguzo ya Nne Haipo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumanne, Mzee Sikio alikuwa anafuta vumbi kwenye vihisio vya daraja kama afanyavyo kila Jumanne, na alipofika nguzo ya nne akakuta haipo. Kihisio chake kilikuwepo. Kilikuwa kinaning'inia palepale kinapokaa siku zote, usawa wa kifua, taa yake ya kijani inawaka na kuzima, ila nyuma yake hakukuwa na zege wala chuma. Ilikuwa hewa tu, na mbele kidogo mto. Mzee Sikio alikipulizia, akakifuta kwa kitambaa upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, maana sasa hata nyuma palifikika. Halafu akaendelea na nguzo ya tano.

Juu daraja lilikuwa mahali pake. Lori la mchanga lilipita, vumbi kidogo likamwangukia begani, akalikung'uta.

Alipomaliza nguzo zote nane alirudi kwenye ya nne kuhakikisha, kwa sababu mtu wa umri wake huambiwa upesi kwamba amehesabu vibaya. Hakuwa amehesabu vibaya. Chini palibaki shimo la mraba, safi, kama pengo la jino lililong'olewa na mtu anayejua kazi yake. Akatoa daftari akaandika kwa herufi zake kubwakubwa: Nguzo 4. Haipo. Kihisio kizima. Kisha akakunja kitambaa na kwenda kutoa taarifa.

Jina la Sikio alipewa na kazi. Kwa miaka ishirini na sita alitembea chini ya daraja hilo na nyundo ndogo, anagonga nuti moja baada ya nyingine na kusikiliza. Nuti iliyokaza hujibu kama kengele. Iliyolegea hukohoa. Shule aliishia darasa la nne, lakini daraja lilikuwa linamweleza mambo ambayo halikuwaeleza wahandisi, na wahandisi wa zamani walikuwa na akili ya kumuuliza.

Wakaja wakubwa wapya na Kitengo cha Mifano. Wakajenga jengo la vioo upande wa pili wa mto, wakajaza kompyuta, na ndani ya kompyuta wakalijenga daraja upya, lenye nguzo nane na nuti zake zote. Walisema la kwenye kompyuta ndilo litakalowaambia hali ya hili la nje. Nyundo ya Sikio waliichukua wakaiweka kwenye kabati la kioo ukumbini, chini yake wakaandika "Zana za Zamani". Yeye mwenyewe hawakumweka kabatini. Wakampa kitambaa.

Kazi ya Kitengo ilikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilikuwa mabasi. Kila basi lilifungwa kisanduku cha kuongea na mabasi mengine, ili yaambiane lipi linafunga breki na lipi lina mzigo, yasirundikane darajani. Yalianza kwa kupeana milio. Baada ya mwezi mmoja yakawa yanaongea kama watu, maana yalijifunza kwa abiria. Basi namba kumi na mbili, alilokuwa akiliendesha binti yake Sikio, ndilo lililokuwa kuukuu kuliko yote, na mengine yakawa yanaliita shangazi na kulipisha.

Fungu la pili lilikuwa vihisio, vya kupima uimara wa nguzo. La tatu lilikuwa mashine ya maoni. Mwananchi anatuma ujumbe kwa simu, au anakwenda kaunta na kusema kwa mdomo, na mashine inapima moyo wake: ameridhika, hajaridhika, au yuko katikati.

Mke wa Sikio alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye kivuli cha nguzo ya nne, jirani na fundi viatu, na yeye ndiye wa kwanza kuona nguzo inadondosha vipande. Alimwambia mumewe. Mumewe, kwa kuwa nyundo iko kabatini, aliigonga nguzo kwa vifundo vya vidole, nayo ikakohoa. Alikwenda Kitengo kuwaambia. Wakamwonyesha taa ya kijani. Ndipo mkewe akachukua simu na kuandika:

"Habari za kazi viongozi wetu. Tunawashukuru sana kwa daraja zuri, Mungu awabariki ninyi na familia zenu. Poleni na majukumu. Tulikuwa tunaomba tu, mkipata nafasi, mje kutazama nguzo ya nne, inadondosha vipande. Samahani kwa usumbufu. Ahsanteni sana."

Mashine ilisoma neno kwa neno. Habari, jema. Shukrani, jema. Baraka, jema sana. Pole, jema. Kuomba, unyenyekevu. Vipande, si jema wala si baya. Ahsante, jema. Ikatoa jibu: ameridhika sana.

Kwa wiki tatu alituma jumbe saba, kila mmoja wenye adabu kuliko uliotangulia, kama mtu anayedhani labda mara ile hakuomba vizuri. Ule wa saba aliutuma saa mbili kamili asubuhi. Saa nne kipande cha zege kikubwa kama mto wa kulalia kilimwangukia akiwa ameinama kwenye mashine, anashona kola ya shati la shule. Ripoti ya Kitengo ilisema kipande kilitoka kusikojulikana, kwa kuwa kihisio hakikukiona kikitoka. Siku ya tatu baada ya mazishi, simu ya marehemu iliingia ujumbe wa kumpongeza kwa kuwa miongoni mwa wananchi mia moja wanaoridhika zaidi na daraja.

Hayo yalikuwa yametokea miezi tisa kabla ya Jumanne ile.

Mkuu wa Kitengo aliitwa Daktari, ingawa hakuna mgonjwa aliyewahi kupona mikononi mwake. Udaktari wake ulikuwa wa hesabu. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na alimsogezea Sikio kiti kabla hajasema kitu.

"Nguzo ya nne haipo," alisema Sikio.

"Ndiyo, mzee wangu. Tumeona. Iliondoka juzi."

"Imekwenda wapi?"

"Hilo si eneo letu." Daktari alimgeuzia kompyuta. Daraja la ndani nalo lilikuwa na pengo. "Zamani tulikuwa tunapiga hesabu tatu mbalimbali. Mabasi peke yake, nguzo peke yake, maoni ya watu peke yake. Kazi tatu, watu watatu, makelele tu. Mwaka huu tukaziunganisha zikawa hesabu moja. Zote ni namba, mzee, zikijumlishwa hazigombani. Sasa, kuridhika kwa wananchi kumepanda sana, mpaka kukawa kunabeba uzito kuliko ilivyokuwa inabeba nguzo ya nne. Nguzo ikawa ya ziada."

"Ikapunguzwa kazi."

"Tunasema imepumzishwa."

Sikio alifikiri kidogo. "Kwa hiyo basi likifika pale, linapita juu ya nini?"

"Juu ya shukrani. Na niseme ukweli, mchango wa marehemu mke wako ni mkubwa. Jumbe saba, zote alama tisini na sita kwa mia. Yeye peke yake anabeba karibu tani mbili."

"Mke wangu alikuwa analalamika."

"Soma mwenyewe."

Sikio alisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika katikati akakibonyeza kidole kwenye kioo. "Hapa."

"Hapo ameomba. Mtu anayeomba ni mtu mwenye imani."

"Zifuteni."

"Siwezi. Kila ujumbe unabeba mwaka mmoja tangu dakika ulipotumwa, halafu unaisha wenyewe. Nikizifuta leo, aliye juu atashuka chini. Binti yako si ndiye wa namba kumi na mbili?"

"Ndiye."

Daktari alionyesha doa la bluu lililokuwa linatambaa kwenye pengo la nne. "Huyu hapa anapita."

Walilitazama wote wawili mpaka likafika nguzo ya tano.

"Na mtu akisema wazi kwamba mmeua?" aliuliza Sikio.

"Kaunta haina mlango, mzee. Kila mtu ana haki yake. Akisema, daraja linashuka kidogo. Ndiyo maana tunawaomba watu kabla ya kusema wawafikirie wenzao."

Jioni ile binti yake aliporudi kazini, alikaa mezani bila kuvua viatu, akamsikiliza baba yake huku akila.

"Kumbe," alisema. "Tangu juzi pale kwenye ya nne panadunda kama godoro. Nikajua wameweka lami mpya."

"Si lami, mama. Ni mama yako."

Binti aliacha kutafuna, halafu akaendelea. "Shangazi aliniambia. Alisema pale panamkumbusha mtu. Nilimwambia anyamaze, aangalie barabara."

"Nataka tuliangushe."

"Lipi?"

"Daraja. Likiwa tupu, mchana kweupe, bila mtu hata mmoja. Likianguka watajenga nguzo. Wasipolazimishwa hawatajenga, watakaa kwenye vioo vyao wakijumlisha, mpaka siku moja mtu akose adabu na wewe uko katikati."

"Baba, unataka kuangusha daraja la serikali."

"Lilishaanguka. Halijaambiwa tu."

Binti alicheka, akaficha uso kwa kiganja, kisha akaacha kucheka. Yeye alivuka mara nne kwa siku. Njia nyingine ilikuwa ya kuzunguka milima, na hakuna basi lililopangiwa kupita huko.

"Mabasi nitayasimamishaje?" aliuliza.

"Mwambie shangazi ayaambie mengine kuna ajali."

"Shangazi hasemi uongo. Nimeshamjaribu."

Kesho yake binti alilijaribu tena. Basi lilikataa uongo, lakini likakubali kuyaomba mengine kama hisani yasimame pande zote mbili, Jumamosi, kuanzia saa tatu hadi saa tatu na nusu, na yasiulize. Mabasi yalikubali. Yalisema shangazi hajawahi kuwaomba kitu.

Mzee Sikio alikuwa na siku tatu za kutafuta watu. Malalamiko yake peke yake yangeshusha daraja vidole viwili tu. Alihitaji watu arobaini. Aliwapata bila shida, maana kila aliyewahi kukaa chini ya daraja lile alikuwa na lake. Kulikuwa na aliyepasuliwa bega. Kulikuwa na mama aliyepoteza mtoto kwenye ngazi zisizo na kishikilio. Fundi viatu, aliyemwona jirani yake akifa kwa umbali wa hatua mbili, ndiye aliyeandikwa wa kwanza.

Ijumaa aliwakusanya uani kwake kuwafundisha. Aliweka stuli katikati iwe kaunta.

"Sikilizeni. Semeni kosa lao kwanza. Hakuna habari, hakuna samahani, hakuna poleni. Unafika, unasema: mmeua, nguzo haipo, jengeni. Unaondoka. Fundi, anza."

Fundi viatu alisogea mbele ya stuli, akavua kofia. "Habari za..."

"Hapana!"

"Si nimeanza tu?"

"Ndiyo nakwambia usianze."

"Sikio, mimi siwezi kumkuta mtu mezani nikamparamia hivyo kama mbwa. Marehemu mama angefufuka anizabe kofi."

"Akifufuka mwambie naye aje kesho, tunahitaji watu."

Walicheka sana. Walirudia mpaka jua likaisha. Wa mwisho kuweza alikuwa bibi mmoja mshona mikeka, ambaye alitamka "mmeua" akiwa ameutazama ukuta, na wote wakampigia makofi.

Jumamosi saa tatu kamili mabasi yalisimama. Malori yakasimama nyuma ya mabasi, na pikipiki nyuma ya malori. Kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, daraja lilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na upepo ulilipiga likatoa sauti ambayo Sikio, aliyeisikia kutoka kaunta, aliijua. Ilikuwa kikohozi.

Watu arobaini walijipanga ndani ya ukumbi wa vioo. Walikuwa wamevaa nguo zao nzuri, kosa ambalo Sikio hakulifikiria mapema. Nyuma ya kaunta alikuwepo karani, msichana mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mbele yake kinasa sauti na kioo cha kuonyesha alama. Alipowaona wazee wamesimama, aliinuka, mkono kiunoni, akawasogezea viti viwili vilivyokuwepo.

"Karibuni wazazi wangu. Habari za asubuhi? Poleni na jua."

Fundi viatu alisogea. Alimtazama karani, akalitazama tumbo lake, akavua kofia.

"Nzuri, mwanangu. Poleni na ninyi na kazi. Keti, usisimame kwa ajili yetu. Mungu akujaalie ujifungue salama." Alisita, akakumbuka. "Samahani sana, tunaomba kusema kwamba kwa kweli, ee, nguzo, kama hamtajali, imeua. Ahsante."

Kioo kikaandika: ameridhika sana, tisini na moja.

Wa pili alimuuliza karani mimba ni ya miezi mingapi. Wa tatu, mama aliyepoteza mtoto, alianza vizuri, akasema "mme...", akalia, akaomba radhi kwa kulia, akashukuru alipopewa maji. Tisini na tatu. Aliyepasuliwa bega alisema kwamba anajua si kosa la huyu binti, yeye ametumwa tu, na Mungu ampe maisha marefu. Bibi mshona mikeka alitafuta ukuta wa kutazama. Kuta zote zilikuwa vioo, na kila alipogeuka alimwona karani akimtabasamia. Akamwombea dua ndefu, yeye na mtoto, na wakubwa zake wote kwa vyeo vyao.

Huko nje daraja lilianza kupanda. Lilipanda taratibu, kidole, kidole kingine, na watu waliokuwa wamesimama kando ya mto walirudi nyuma hatua moja ili walione vizuri.

Sikio alikuwa wa arobaini. Saa tatu na dakika ishirini na saba alifika kaunta.

"Shikamoo baba," alisema karani.

Hakuitikia. "Daraja lenu limemuua mke wangu. Aliwaambia mara saba. Nguzo haipo, mnajua haipo. Ninyi ni wauaji, na huyo Daktari wenu ndiye wa kwanza."

Karani alirudi kwenye kiti chake polepole, macho yakamjaa machozi. Halafu nyuma yake Sikio akasikia minong'ono ya watu wake mwenyewe.

"Hata salamu hakuitikia?"

"Binti wa watu, na hali ile."

Fundi viatu alijipenyeza mpaka mbele, akashika ukingo wa kaunta. "Msamehe, mwanangu. Ana msiba. Si mtu mbaya, ni uchungu tu. Sisi wote tunakuomba radhi kwa niaba yake."

"Tunaomba radhi," walisema thelathini na wanane.

Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa. Kioo kikamwandika Sikio sifuri, na wengine kikawaandika mara ya pili.

Saa tatu na nusu mabasi yaliondoka. Daraja lilikuwa limepanda shubiri moja na nusu, ikabidi yaongeze mwendo kidogo kuliingia. Daktari alishuka ngazi mwenyewe, akawashika watu mikono mmoja mmoja, akafika kwa Sikio na kuushika wake kwa mikono yote miwili.

"Siku bora tangu tuanze kupima," alimwambia. "Sijui nikushukuru vipi."

Jumanne iliyofuata nguzo ya tano ilikuwa haipo. Sikio alifuta kihisio chake mbele na nyuma, akaandika.

Sasa daraja lilikuwa na pengo mara mbili ya lile la mwanzo, na shukrani za zamani hazikutosha saa za msongamano. Kitengo kikaelekeza kwamba abiria washukuru palepale wanapovuka, kwa kinywa, na visanduku vya mabasi vikafunguliwa kuwasikiliza. Watu walizoea ndani ya wiki. Basi likipita nguzo ya tatu, anayesoma gazeti alilishusha, aliyelala aliguswa bega, wakasema kwa pamoja "ahsanteni kwa daraja", basi likavuka hadi ya sita, gazeti likapandishwa. Watoto wa shule walilifanya wimbo.

Sikio hakupanda basi tena. Kaburi la mkewe lilikuwa ng'ambo ya mto, na kwa miezi miwili hakwenda.

Wiki tatu kabla ya kutimia mwaka, jumbe za marehemu zilianza kuisha, moja baada ya nyingine, kwa tarehe zake. Kila mmoja ulipoisha daraja lilizama kidogo pale kwenye ya nne. Simu ya Sikio iliingia maandishi: "Mchango wa mpendwa wenu unakaribia kwisha. Familia inaombwa kuuhuisha mapema." Hakujibu. Uliisha wa tatu, wa nne.

"Baba, sema tu," alimwambia binti yake. Alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, funguo za basi mkononi. "Ni maneno."

"Hata mama yako alidhani ni maneno."

"Mama amekufa. Mimi ndiye ninayepita."

"Usipite."

"Nile nini? Nikupe nini wewe?"

Aliondoka bila kufunga mlango. Uliisha wa tano na wa sita. Waliamshana alfajiri ya siku yenyewe ya kutimia mwaka, na Sikio alichukua jembe dogo la kupalilia kaburi akatoka naye. Alikaa kiti cha nyuma ya dereva, jembe likiwa kati ya magoti. Aliwaza kwamba wakivuka mapema, kabla ya saa mbili, hatakuwa amewapa wakubwa chochote.

Saa moja na dakika hamsini na saba basi namba kumi na mbili liliingia darajani. Saa moja na dakika hamsini na tisa basi la mbele lilisema kwamba limesimama, mbele yake kuna foleni, samahani shangazi. Namba kumi na mbili likasimama nyuma yake, katikati ya pengo. Chini yao ilikuwa hewa, na chini ya hewa palikuwa mahali ilipokuwa cherehani.

Saa mbili kamili daraja lilizama kiganja kizima. Basi likainama nyuma.

"Ahsanteni kwa daraja," walisema abiria kwa pamoja. Daraja likatulia, halafu likazama tena, vidole vitatu.

"Dereva, ninateleza," lilisema basi. "Ninaambiwa ni mchango wa familia. Haujahuishwa."

Abiria walitazamana, kisha mmoja akamtambua Sikio, na wote wakamtazama yeye. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimfungua mtoto, akampakata kifuani.

"Mzee, ni wewe?" aliuliza.

Sikio alikuwa anakitazama kisogo cha binti yake. Binti hakugeuka. Alikuwa ameikanyaga pedali ya breki kwa miguu yote miwili, na mikono yake kwenye usukani ilikuwa imenyooka.

"Baba," alisema.

"Ahsanteni kwa daraja," alisema Sikio.

Hakuna kilichotokea.

"Samahani, babu," lilisema basi. "Ninaambiwa sauti yako haijaridhika."

"Sema kwa moyo, mzee," alisema mtu wa nyuma. "Na taja marehemu. Marehemu wana uzito."

Daraja lilizama kidole kingine. Kitu kikabingirika kutoka mbele hadi nyuma ya basi, chupa ya maji, ikagonga mlango. Mtoto akaanza kulia. Mzee Sikio aliweka jembe chini. Alivua kofia.

"Habari za kazi viongozi wetu," alisema. "Mimi na mke wangu tunawashukuru sana. Mmetutendea mema. Alikaa vizuri chini ya daraja lenu, hakupata shida yoyote. Mungu awabariki ninyi na familia zenu. Tunaomba mwendelee hivyohivyo. Ahsanteni sana."

Aliyasema kwa sauti nzuri, yenye joto, kama baba mkwe kwenye harusi, na machozi yaliyokuwa yanamtoka kisanduku hakikuwa na namna ya kuyaona.

Daraja lilipanda. Lilipanda mpaka magurudumu ya nyuma yakawa sawa na ya mbele, na likazidi kidogo. Mwanamke alimrudisha mtoto mgongoni, akamwambia Sikio kwamba Mungu atamlipa.

"Alama tisini na nane," lilisema basi. "Mbili zaidi ya marehemu bibi."

Foleni ya mbele ilisogea. Binti yake aliachia breki akaingiza gia, na nyuma yao abiria wawili wakaendelea kuongea juu ya mvua, kwamba mwaka huu imechelewa.